Huyu Dkt. Hirschowitz aliyemeza mpira wa kamera mwenyewe ni nani hasa? Bi mkubwa kagoma kipimo

mgosi_wa_makorora

Wakuu habari za saa hizi, wakubwa shikamooni. Niko Tanga mjini, Makorora, na mada hii naileta hapa kwa sababu najua kuna manesi na walimu humu wanaopita kimya kimya kila siku, leo naomba mfungue midomo.

Iko hivi, bi mkubwa wangu ana tumbo la siku nyingi, chembe inamchoma, kiungulia kikimpanda usiku anakaa kitako kitandani mpaka adhana ya alfajiri, na miaka yote hiyo tumetibu kwa maneno ya watu tu. Duka hili la dawa wanasema vidonda, lile wanasema gesi, shangazi wa Muheza kaleta mizizi yake, jirani kaleta asali na manjano, omeprazo ya kupunguza asidi ndo usiseme, tumeshanunua mpaka wauzaji wakituona tu wanaishusha kwenye shelfu. Juzi kati tukaona nguo zinampwaya, mwili unakwenda, ndo tukampeleka kwa daktari bingwa, na bingwa akasema mimi sitaki kubahatisha tena, mama huyu tumwangalie kwa kamera, kipimo cha OGD.

Bi mkubwa kusikia mpira unapita kooni kagoma katakata. Anasema kwanza atapaliwa afe, pili mpira wenyewe wameshaumeza wangapi kabla yake.

Sasa kijana wangu yuko form five anasoma PCB, akaingia mtandaoni, akarudi na jina la Basil Hirschowitz, daktari wa tumbo mzaliwa wa Afrika Kusini, eti ndo aliyeutengeneza na wa kwanza kuumeza alikuwa yeye mwenyewe kabla hajamwingizia mgonjwa. Nikamsimulia bi mkubwa. Akanyamaza kidogo kisha akaniuliza, "na akafa?" Kijana akamjibu alikufa 2013 akiwa na miaka 87 bibi, akacheka, ila kukubali bado hajakubali.

Naomba mwenye kumjua huyu bwana aniambie, ni kweli alifanya hivyo au ni hadithi za mtandaoni, na ukiacha huo mpira alitibu nini kingine, maana daktari bingwa maisha yake yote hayawezi kuwa bomba moja tu. Na hicho kipimo kikoje, aliyepitia aseme ukweli asinipambe.

mwalimu_wa_pongwe

Mgosi, kijana wako hajakosea. Mie fizikia ndo kazi yangu na hiyo hadithi nawasimuliaga wanafunzi nikifika kwenye mwanga, maana wakiona tu michoro ya mishale inayopinda ndani ya glasi wanasinzia, ukiwaambia kuna mtu kaimeza wanaamka.

Hirschowitz kazaliwa 1925, mji mdogo unaitwa Bethal huko Afrika Kusini, udaktari kasoma Witwatersrand pale Johannesburg akamaliza 1947, akaenda London kujiendeleza kwenye mambo ya tumbo, halafu 1953 akavuka Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan, mji wa Ann Arbor. Alikuwa bado kijana mdogo.

Ila uelewe kwanza wenzake walikuwa wanatumia nini, bila hapo hutaona ukubwa wa jambo. 1868 kuna daktari Mjerumani, Kussmaul, alitaka kuona ndani ya tumbo la mtu aliye hai, bomba lake ni la chuma limenyooka moja kwa moja, ikabidi amtafute mtu wa maonyesho, yule anayemeza upanga, ndo akalimeza. Sasa wewe mgonjwa wa kawaida wa kumeza upanga utamtoa wapi. Mabomba kama hayo yalitoboa watu umio wakafa. Ikafika 1932 akaja Rudolf Schindler, Mjerumani vilevile, akatengeneza bomba lenye lenzi nyingi ambalo sehemu ya mbele inapinda kidogo, hilo ndo likawa mfalme kwa miaka ishirini na zaidi (Schindler mwenyewe serikali ya Hitler ilimtia ndani 1934, alipotoka akahamia Chicago na bomba lake). Lilisaidia sana lakini kupinda ni kule kidogo tu, mgonjwa unamlaza unamnyoosha shingo, na kuna kona za tumbo lilikuwa halizioni, na duodeni, pale mwanzo wa utumbo mdogo ambako vidonda vingi vinakaa, halifiki. Kwa hiyo daktari wa tumbo wa enzi hizo kazi yake nyingi ilikuwa kubashiri kwa eksirei ya bariamu, ule uji mweupe anaokunywa mgonjwa ndo apigwe picha, na kusikiliza mgonjwa anaelekeza kidole wapi.

Hirschowitz bomba hilo alilitumia na hakulipenda hata kidogo. Januari 1954 likatoka gazeti la sayansi la Nature, ndani mna makala ya Harold Hopkins na Narinder Kapany wa London wanasema ukichukua nyuzi nyembamba za glasi ukazipanga fungu moja, kila uzi unabeba kipande kimoja cha picha, ukiukunja picha inakuja vilevile. Jamaa kusoma tu akafunga safari kurudi London kuwaona. Akakuta wazo ni zuri ila picha hafifu, mwanga unapotea njiani.

Kwa nini unapotea? Nyuzi za glasi tupu zikigusana mwanga unaruka kutoka uzi mmoja kwenda mwingine, sawa na nyaya za umeme ulizozimenya plastiki ukazifunga pamoja. Hirschowitz si mtu wa fizikia, akashirikiana na mwalimu wa fizikia pale Michigan, Wilbur Peters, wakamchukua na mwanafunzi ambaye digrii ya kwanza hata hajamaliza, Larry Curtiss. Wakajaribu kupaka nyuzi vitu vya kila aina haikukaa sawa. Desemba 1956 Curtiss akachukua fimbo ya glasi moja akaichomeka ndani ya bomba la glasi ya aina nyingine, inayopinda mwanga kwa kiasi kidogo zaidi, akavipasha moto pamoja akavivuta vikawa uzi mmoja, glasi ndani ya koti la glasi. Mwanga ukakaa ndani. Nyuzi walikuwa wanazizungushia kwenye boksi la duara la uji wa oti, lile la dukani kabisa, si mzaha.

Februari 1957 mpira wa kwanza ukawa tayari, mnene, wa kutisha, na Hirschowitz akaumeza yeye mwenyewe bila kujipaka ganzi kooni. Siku chache baadaye akamwangalia mgonjwa wa kwanza, mwanamke mmoja mke wa mwanafunzi wa udaktari wa meno, ana kidonda cha duodeni. Akakiona. Mei mwaka uleule akauonyesha kwenye mkutano wa mabingwa wenzake Colorado Springs, na pamoja na hayo kiwanda kikachukua mpaka 1960 kuanza kuuza. 1961 akaandika kwenye Lancet, jarida la udaktari, kwamba bomba la zamani limeshapitwa na wakati kwa kila hali, na kweli halikurudi.

Na hiyo faiba mnayovutiwa intaneti majumbani ni kanuni ileile ya glasi ndani ya koti la glasi. Ilianza kwa ajili ya tumbo.

kahawa_bila_sukari

Mwalimu umesimulia vizuri lakini nina ugomvi kidogo. Kwa maelezo yako mwenyewe wazo ni la Hopkins na Kapany, glasi ndani ya glasi ni ya Curtiss tena mwanafunzi, fizikia ni ya Peters, halafu jina linalotajwa ni la daktari. Huyu alifanya nini zaidi ya kumeza? Kumeza hata mimi ningemeza.

mwalimu_wa_pongwe

Hahaha ungemeza kitu kinene vile bila ganzi? Haya.

Hoja yako ina uzito na Curtiss anastahili kutajwa kila mara, ndo maana mie nilimtaja. Lakini angalia hivi, Hopkins naye aliingia kwenye habari hizi baada ya daktari wa tumbo kumlalamikia kwenye chakula cha usiku kwamba mabomba yao ni ya mateso. Yaani kila mahali anayesukuma ni daktari anayemwona mgonjwa anateseka, mtu wa fizikia akiachwa peke yake atafurahi na makala yake akaishia hapo, na ndivyo ilivyokuwa London. Hirschowitz ndo aliyesoma makala Januari akafunga safari, akarudi akatafuta watu na akang'ang'ania mpaka kitu kikaingia tumboni mwa mgonjwa na kuonyesha kidonda. Halafu baada ya kufanikiwa ilibidi awashawishi wenzake waliozoea bomba la Schindler, na hao ndo wagumu kuliko glasi.

Kwangu mie wote watano, ila ukiniuliza nani angekosekana jambo lingechelewa zaidi, nasema Hirschowitz. Wewe baki na Curtiss wako hatugombani.

kahawa_bila_sukari

Nimebaki naye.

nesi_wa_zamani

Jamani wanaume mnagombania sifa za marehemu na mama wa watu hajajibiwa.

Mwanangu mgosi, mie nimestaafu, nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha endoskopi, sitasema hospitali gani. Mwambie bi mkubwa hivi, namwita dada maana huenda tunalingana. Mpira wa siku hizi si ule wa bwana huyo, wa leo ni mwembamba kama sentimita moja hivi au pungufu, na ndani picha haipiti tena kwenye nyuzi za glasi, kuna kamera ndogo sana kwenye ncha inatuma picha kwenye tivii, nyuzi zimebaki kupeleka taa. Kupaliwa hapaliwi kwa sababu mpira unapita njia ya chakula, njia ya hewa iko wazi, anapumua kwa pua muda wote. Anapuliziwa dawa ya ganzi kooni, chungu kidogo, koo linakuwa zito kama si lake, analala ubavu wa kushoto, anauma kiplastiki chenye tundu ili asiung'ate mpira, na kama ana hofu sana daktari anaweza kumchoma sindano ya usingizi mwepesi, hapo lazima awe na mtu wa kurudi naye nyumbani na asishike hata kisu cha jikoni siku hiyo. Kipimo chenyewe mara nyingi dakika tano mpaka kumi na tano, inategemea wanachokuta.

Sikupambi, kuna dakika mbaya, ni pale mpira unapopita koromeo, mtu anatapika kikavu, machozi yanatoka, na wakijaza hewa tumbo likitanuka utacheua mbele za watu huna la kufanya. Wanaopata taabu zaidi ni wanaopambana. Nilikuwa nawashika mkono nawaambia mate yaache yatiririke usimeze, wewe pumua tu, na wengi wakitoka wananiuliza "ndo kwisha?"

Kuhusu watu waliomeza kabla, swali lake ni la mtu mwenye akili na asione haya kuliuliza palepale. Kila mgonjwa akitoka mpira unafutwa, unapigwa brashi ndani ya vitundu vyake, unapimwa kama umevuja, halafu unalowekwa kwenye dawa kali ya kuua vijidudu kwa muda uliopangwa, unasuuzwa, unakaushwa. Ilikuwa nusu ya kazi yangu na mikono yangu inajua. Mahali wasipofanya hivyo toka nje.

Asile wala asinywe maziwa masaa sita mpaka nane kabla, maji wamwambie wenyewe mwisho saa ngapi. Na ataje dawa zote anazokunywa hasa za kuyeyusha damu, na kama ana meno ya bandia ayatoe.

Moja la mwisho, na hili nalisema kwa nguvu. Mtu mzima, tumbo la muda mrefu, mwili unapungua, huyo si wa kusubiri. Vilevile anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, au chakula kinachokwama kifuani kikishuka. Huku kwetu Afrika Mashariki saratani ya umio tunaiona sana na watu wanakuja wakati hata uji haupiti. Si lazima awe nayo, inaweza kuwa kidonda tu akatibiwa akapona, lakini ukweli haujulikani kwa omeprazo ya kuongeza, na omeprazo inaweza kutuliza maumivu wakati ugonjwa wenyewe unaendelea.

mtoto_wa_pangani

Nesi shikamoo, umenifundisha. Mie nauliza tofauti kidogo, mbona siku hizi vidonda vya tumbo wanatibu kwa antibayotiki, wale bakteria, na yule aliyegundua si naye alikunywa mwenyewe? Hawa madaktari wa tumbo wana nini na kumeza meza vitu?

mwalimu_wa_pongwe

Huyo ni Barry Marshall wa Australia, alikuwa kwenye mafunzo pale Perth, akashirikiana na mtaalamu wa kuangalia vinyama kwenye hadubini, Robin Warren. Warren tangu 1979 alikuwa anaona vijidudu vimejipinda kwenye vipande vya ukuta wa tumbo, wenzake wanamwambia tumboni mna asidi hakuna bakteria anayeishi humo. 1982 wakafanikiwa kuviotesha, ndo hawa tunaowaita H. pylori. Hakuna aliyewaamini, maana vidonda vilikuwa vinasemwa ni vya mawazo na pilipili, watu wanakatwa mishipa ya fahamu ya tumbo na nusu ya tumbo kuondolewa. 1984 Marshall akapimwa kwa endoskopi kwanza kuonyesha tumbo lake zima, akanywa mchuzi wa bakteria, akaumwa, akatapika, akapimwa tena, tumbo limevimba na bakteria wamo. 2005 yeye na Warren wakapewa Nobel.

Sasa unganisha na mada ya mgosi. Vile vipande vya nyama vya Warren vilitoka wapi? Vilichukuliwa kwa kikoleo kidogo kinachopita ndani ya mpira huu unaopinda. Zamani ukuta wa tumbo ulikuwa unaupata kwa shida, kwenye upasuaji au mtu akishakufa, na maiti ukuta wake unaharibika haraka. Mpira ulipokuwa kitu cha kila siku ndo hadubini ikapata nyama mbichi. Kwa hiyo kahawa_bila_sukari ukitaka kujua Hirschowitz kafanya nini, hiyo Nobel ya Australia imepita ndani ya bomba lake.

Na si hiyo tu. 1969 kule New York wakaanza kukata vinyama vya utumbo mpana kwa waya wa moto kupitia mpira wa namna hiyohiyo wa kuingizia nyuma, vinyama ambavyo vikiachwa vingine vinageuka saratani. Yaani mgonjwa alikuwa anapasuliwa tumbo, sasa analala anaamka anaenda nyumbani.

nesi_wa_zamani

Ongezea na kufunga mishipa. Kanda ya Ziwa huko kichocho cha utumbo kinaharibu ini, mishipa ya umio inavimba, siku ikipasuka mtu anatapika damu beseni. Unaingia na mpira, unanyonya mshipa, unaufunga kiraba kidogo, damu inasimama palepale. Nimeona kwa macho yangu mtu kaja mweupe kama karatasi na baada ya siku chache anadai chai. Huku Tanga kichocho chetu zaidi ni kile cha kukojoa damu, kwa hiyo hilo tunaliona kidogo kuliko wenzetu wa Mwanza.

mgosi_wa_makorora

Wakuu ahsanteni sana, nesi Mungu akuzidishie, nimemsomea bi mkubwa maneno yako neno kwa neno hapa barazani, pale kwenye machozi na kucheua kaguna, pale kwenye brashi kaniambia rudia. Anauliza huyo dada ni mwenyeji wa wapi.

Bado swali langu la pili halijajibiwa, ukitoa mpira Hirschowitz alifanya nini. Halafu kuna kitu bi mkubwa kanitobolea leo, kumbe magoti yakimuuma anakunywa diklofenaki, na siku nyingine asprini, ananunua mwenyewe dukani, kwa daktari hakusema kwa sababu "hakuniuliza habari za magoti". Hilo lina uhusiano?

dkt_mtarajiwa

Mgosi, mie nasoma MD mwaka wa nne, kwetu Bagamoyo, na swali lako la pili na la tatu jibu lake ni moja, sijui kama unajua umeuliza kitu kizuri kiasi gani.

Hirschowitz 1959 alihamia Birmingham, jimbo la Alabama, akaanzisha idara ya magonjwa ya tumbo pale chuo kikuu, akakaa huko mpaka kufa. Na huko ajabu yake hakuishi kwa kuuza sura kama baba wa endoskopi, alirudi kwenye kitu alichokipenda tangu mwanzo, asidi na pepsini, kile kimeng'enya cha kusaga chakula, yaani tumbo linatoaje maji yake, nani analiamrisha, likizidisha inakuwaje. Alifuatilia kwa miaka mingi wagonjwa wa Zollinger-Ellison, ni watu wenye uvimbe, mara nyingi kwenye kongosho au duodeni, unaotoa homoni inayolifanya tumbo limwage asidi bila breki, vidonda haviishi.

Sasa kuhusu asprini. Yeye na Mhispania mmoja, Angel Lanas, miaka ya mwanzo ya 1990 waliwachukua watu wanaotoka damu tumboni, hawakuishia kuwauliza umekunywa asprini, wakapima damu yao, maana asprini inaacha alama kwenye chembe sahani, zile za kugandisha damu, kuna kimeng'enya inakizima na hakirudi mpaka chembe mpya zizaliwe. Wakakuta wengi wametumia, wakiwemo waliosema hawajatumia. Wengine si waongo, hawajui tu kwamba dawa ya mafua au ya kichwa waliyonunua ina asprini ndani. Na wakaonyesha kuna wagonjwa wamefanyiwa mpaka upasuaji wa vidonda na vidonda vikarudi, kumbe chanzo ni asprini wanayoendelea kuinywa.

Ndo bi mkubwa huyo. Asprini, diklofenaki, ibuprofeni, zote zinapunguza ule ute na kinga inayolinda ukuta wa tumbo. Unampa omeprazo huku anakunywa diklofenaki ya magoti, unafagia huku mwingine anamwaga. Amwambie daktari leo hii, asisubiri siku ya kipimo, na asiache dawa ya moyo kama anayo bila kuuliza, ila ya magoti ya kujinunulia aisimamishe na aulize mbadala.

Jingine, kama watampima H. pylori kwa choo, omeprazo isimamishwe wiki mbili kabla na antibayotiki wiki nne, la sivyo majibu yanaweza kusema hana kumbe anao. Kile kipimo cha damu cha kingamwili wanachopenda kufanya kwenye maabara za mtaani kinabaki kusema ndiyo muda mrefu hata baada ya kupona, ndo unakuta mtu anameza dozi ya tatu ya antibayotiki kwa mdudu aliyekwishakufa. Wamkatie kipande siku ya OGD kikapimwe, ila omeprazo inaweza kumficha mdudu hata hapo, amuulize daktari mapema.

Na mwambie kijana wako kama anautaka ubingwa huu ajipange, MD miaka mitano, intanishipu mwaka mmoja, MMed, yaani uzamili, ya magonjwa ya ndani mitatu, ndo uingie kwenye tumbo lenyewe miaka mingine. Asikimbie fizikia, kaona mwenyewe.

kahawa_bila_sukari

Hapa sawa. Hii ya kupima damu kujua nani kanywa asprini imenigusa kuliko mpira wote. Nampa huyu mzee kura yangu nusu, nusu ya Curtiss.

Ila tuseme ukweli wakuu, haya mambo ni ya 1957, leo hii ukitoka nje ya miji mikubwa ni wangapi wanaufikia huu mpira? Watu wa vijijini Handeni na Kilindi wanatibiwa tumbo kwa kubashiri kama enzi za bomba la chuma. Mashine zipo lakini mabingwa ni wachache, na mpira ukiharibika fundi ni wa kutafutwa. Usafiri wa kwenda Muhimbili peke yake ni mzigo kwa mtu wa kijijini.

nesi_wa_zamani

Hilo ni kweli tupu na limenikera miaka yote ya kazi. Mpira mmoja ukitobolewa na jino la mgonjwa foleni ya watu mia inasimama. Mgosi, nenda kwanza kwenye hospitali ya mkoa uulize kama kipimo kinafanyika na siku gani, usikimbilie Dar kabla hujauliza, na ulizia bima yake inalipia nini kabla hujatoa hela mfukoni.

Na mwambie bi mkubwa mie mtu wa Mkinga.

mgosi_wa_makorora

Kasema watu wa Mkinga anawajua, wakweli lakini wabishi. Amekubali kwa sharti moja, kijana aulize kwa nini asimeze kile kidonge chenye kamera ndani kilichoonyeshwa kwenye tivii, kinapita chenyewe hakuna mtu anayemsokomeza kitu.

dkt_mtarajiwa

Kipo, kilianza kutumika 2001, na kazi yake kubwa ni utumbo mdogo, ile sehemu ya katikati ndefu ambako mpira wa juu haufiki na wa chini haufiki. Kwa tumbo la bi mkubwa hakifai, kinabiringika tu kinapiga picha popote kilipoangalia, kile cha kawaida huwezi kukigeuza, hakijazi hewa kuyakunjua makunyanzi, hakikati kipande, hakizuii damu. Kikikuta kitu cha kutilia shaka atatakiwa ameze mpira vilevile. Na bei yake ni nyingine kabisa, kinatumika mara moja kinakwenda na maji ya chooni.